Soriasisi: miaka 200 ya kutafuta dawa, na kwa nini mwanao hahitaji sahani yake peke yake

SEHEMU YA 1: Sahani ya bluu

 

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimeamka na jambo moja kichwani. Nitaliandika kwa vipande, kipande kimoja kimoja. Ni refu kidogo, ila ukiwa unanyonyesha au unasubiri maharage yaive, utamaliza.

Kuna mama alikuja na binti yake wa miaka saba hivi. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane.) Mtoto alikuwa na vidoa vidogo vidogo tumboni, mgongoni na mapajani, vina magamba kama unga mkavu. Vilitokea kama wiki mbili baada ya kuumwa koo. Bibi yake alisema ni tetekuwanga inayochelewa. Duka la dawa wakauza krimu ya fangasi. Na mimi, nasema wazi, siku ya kwanza niliyomwona nilisema, "Mama, hii ni fangasi, endelea kupaka." Nilikosea.

Daktari wa ngozi alipomwona alisema ni soriasisi. Kwenye cheti utaona imeandikwa kwa kuanza na herufi P, lakini hiyo P haitamkwi, usijisumbue.

Kilichoniuma zaidi ni alichoniambia yule mama wakati anafunga mkoba wake. "Sista, nilimtengea sahani yake ya bluu na kikombe chake, na analala peke yake chini, asije akawaambukiza wadogo zake." Miezi miwili mtoto anakula peke yake. Kwa ugonjwa usioambukiza hata kidogo.

Nikasema hapana, hili nitaliandika. Na sitaishia kukwambia "haiambukizi", maana hilo umeshalisikia na pengine hukuliamini. Nataka ujue watu walilijuaje, walijaribu nini, walikosea wapi, ili kesho ukikutana na mtu anayeuza "dawa inayomaliza soriasisi siku saba" uwe na maswali ya kumuuliza.

SEHEMU YA 2: Walipoitwa wakoma

Zamani huko Ulaya, mtu mwenye magamba mwilini aliwekwa kapu moja na mwenye ukoma. Hakukuwa na kipimo. Jicho lilikuwa ndiyo kila kitu, na jicho likiona magamba linasema ukoma. Inaaminika watu wengi wenye soriasisi walitengwa na jamii kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao kabisa.

Mambo yalianza kubadilika London. Daktari mmoja, Robert Willan, alikuwa akitibu watu maskini kwenye zahanati ya mtaa wa Carey. Badala ya kubuni majina tu, akaanza kupanga magonjwa ya ngozi kwa jinsi yanavyoonekana: haya ni madoa, haya ni malengelenge, haya ni magamba. Kazi yake ilitoka kwa vipande kuanzia 1798 mpaka 1808, ikiwa na picha za rangi. Humo aliieleza soriasisi vizuri sana. Ila kosa moja akaliacha: sehemu ya ugonjwa huo bado aliiita "lepra", neno lile lile la ukoma.

Jina hilo likakaa. Ndipo mwaka 1841 Ferdinand von Hebra, daktari wa Vienna, akaliondoa. Akasema huu ni ugonjwa mmoja, unaitwa soriasisi, na hauhusiani na ukoma.

Piga hesabu mwenyewe. Kuanzia 1841 mpaka leo ni zaidi ya miaka 180. Madaktari walishatenganisha zamani hizo, lakini kwenye majumba yetu sahani ya bluu bado ipo. Ndiyo maana naandika.

Kitu kingine cha enzi hizo kinachowahusu sana akina mama. Miaka ya 1870 daktari Heinrich Köbner, huko Breslau, aligundua kwamba kwa mtu mwenye soriasisi, pale ngozi inapojeruhiwa, doa jipya linaweza kuota palepale. Mkwaruzo, mshono, hata kuungua na jua. Sasa wewe ukimkalisha mtoto kwenye beseni ukamsugua na dodoki mpaka magamba yatoke damu, ukidhani unamsafisha, unamwongezea. Dodoki weka pembeni. Mkono, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, halafu mafuta mazito kabla ngozi haijakauka.

SEHEMU YA 3: Sumu, unga wa Goa na lami

Sasa tuingie kwenye dawa. Shika kiti.

Karne ya 19 dawa kubwa ya soriasisi ilikuwa aseniki. Ndiyo, sumu ile ile. Kulikuwa na maji ya dawa ya Thomas Fowler, Mwingereza aliyeyatangaza mwaka 1786 kwa ajili ya homa, na baadaye madaktari wakaanza kuwapa wenye soriasisi wanywe. Na kweli, wengine madoa yalipungua! Hapo ndipo penye mtego. Dawa inaweza kukupunguzia madoa huku inakudhuru kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1880 daktari Jonathan Hutchinson wa London akaeleza wagonjwa waliotumia aseniki kwa muda mrefu na baadaye wakapata saratani ya ngozi. Haikuonekana baada ya wiki. Ilionekana baada ya miaka.

Kumbuka jambo hilo, tutalirudia: dawa huulizwa maswali mawili. Je, inasaidia? Na je, baada ya miaka inamfanya nini mtu?

Kisha kuna kisa cha unga wa Goa. Huo ni unga wa mti wa araroba unaoota Brazili. Wareno waliusafirisha mpaka Goa, India, watu wakautumia kutibu choa, wengine mnaita mashilingi. Miaka ya 1870 daktari Balmanno Squire wa London alimwona mgonjwa aliyepakwa unga huo kwa kudhaniwa ana choa. Kumbe ilikuwa soriasisi, na ikaondoka! Yaani dawa iligunduliwa kwa kukosea ugonjwa. (Mimi kosa langu la fangasi halikuzaa dawa yoyote, lilizaa miezi miwili ya kuchelewa tu.)

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Ujerumani ikakosa unga ule kutoka ng'ambo. Mwaka 1916 wakatengeneza wa maabara unaofanana nao, unaitwa dithranoli. Unafanya kazi, ila unaunguza ngozi nzima ya pembeni na unatia madoa mashuka yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Mwaka 1925 daktari William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, akaeleza njia yake: unapakwa lami ya makaa ya mawe, halafu unawekwa kwenye taa ya mionzi ya jua. Mwaka 1953 John Ingram wa Leeds, Uingereza, akaongeza dithranoli kwenye mpango kama huo. Wagonjwa walilazwa wodini wiki kadhaa, wamepakwa lami mwili mzima, wananuka kama barabara mpya. Lakini walitoka na ngozi safi. Lami hiyo iliyosafishwa bado ipo mpaka leo kwenye shampuu na mafuta ya soriasisi, kwa hiyo ukipewa chupa inayonuka hivyo usidhani umepewa dawa ya kienyeji.

SEHEMU YA 4: Dawa ya saratani iliyosafisha ngozi

Hapa ndipo utafiti wenyewe unapoanza kunoga.

Mwaka 1948 huko Boston, daktari wa watoto Sidney Farber alitangaza kwamba dawa inayoitwa aminopterini iliwapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Dawa hiyo inazuia seli zisigawanyike haraka. Miaka mitatu baadaye, 1951, daktari Richard Gubner na wenzake waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa hiyo hiyo. Baadhi yao walikuwa pia na soriasisi. Wakashangaa: ngozi zao zinasafika!

Kwa nini? Ngozi ya kawaida, seli mpya hutoka chini kuja juu kwa takriban mwezi mmoja, kisha inadondoka bila wewe kuona. Kwenye soriasisi safari hiyo inakwenda kwa siku chache tu. Seli zinafika juu kabla hazijakomaa, zinarundikana, ndiyo yale magamba meupe. Dawa inayopunguza mwendo wa seli inapunguza magamba.

Aminopterini ilikuwa kali, ikaja ndugu yake aliye salama zaidi kidogo, methotreksati. Inatumika mpaka leo duniani kote, hata kwetu, na ni ya bei nafuu kulinganisha na nyingine. Sasa naomba usome mistari hii mara mbili:

Methotreksati ya soriasisi hunywewa MARA MOJA KWA WIKI. Siyo kila siku. Mtu akiinywa kila siku kwa kukosea anaweza kufa. Chagueni siku moja, andikeni kwenye kalenda ya ukutani, kwa mfano Jumatano.

Na mjamzito haitumii kabisa, inaharibu mimba na inalemaza mtoto. Anayenyonyesha naye haitumii. Kama unapanga mtoto, mwambie daktari kabla, na kama mume ndiye anayeitumia, aulize pia. Kuna kidonge kingine kinaitwa asitretini: huyo mwanamke asipate mimba wakati anakitumia na mpaka miaka mitatu baada ya kuacha. Miaka mitatu. Kwa hiyo ukipewa dawa ya ngozi ya kumeza na wewe ni mama kijana, swali la kwanza ni hili: "Daktari, na uzazi je?" Usione aibu.

SEHEMU YA 5: Cairo, na mionzi

Watu wengi wanadhani utafiti wa dawa ni wa Wazungu peke yao. Njoo Misri.

Kuna mmea unaota kandokando ya Mto Nile, na Waarabu wa zamani walijua kwamba mtu mwenye mbalanga akila unga wake halafu akakaa juani, rangi inaweza kurudi. Miaka ya 1940 watafiti wa Misri wakatoa kiini cha mmea huo, na daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo akawatibu nacho wagonjwa wa mbalanga na kuandika matokeo yake mwaka 1948.

Wamarekani wakachukua kiini hicho hicho wakakiunganisha na taa maalumu ya mionzi. Mwaka 1974 kundi la Boston likachapisha kwamba kidonge hicho pamoja na taa hiyo vinasafisha soriasisi kali. Dunia ikashangilia. Hatimaye mgonjwa anapona bila kunuka lami.

Ila safari hii walikuwa wamejifunza kwa aseniki. Hawakusubiri miaka 80. Karibu mara moja wakawaandikisha wagonjwa 1,380 kutoka vituo 16 vya Marekani, wakawa wanawafuatilia mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1979 tayari jibu la kwanza likatoka: waliotumia tiba hiyo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya aina fulani ya saratani ya ngozi, na kadiri mtu alivyopata mizunguko mingi ndivyo hatari ilivyopanda. Kwa hiyo ikapunguzwa, na baadaye ikaja taa ya mionzi ya namna nyingine isiyohitaji kidonge, ndiyo inayotumika zaidi siku hizi penye vifaa.

Unaona tofauti? Aseniki ilidhuru watu vizazi na vizazi kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu. Ya 1974 ilikamatwa mapema kwa sababu kuna watu walikaa chini wakahesabu, na wagonjwa 1,380 walikubali kurudi na kupimwa. Hao wagonjwa siwajui majina, lakini nawaheshimu sana.

SEHEMU YA 6: Kumbe tatizo si ngozi

Mwaka 1979 huko Uswisi, madaktari walikuwa wanawapa wagonjwa wa viungo dawa inayoitwa siklosporini. Hii ni dawa ya waliopandikizwa figo, inatuliza kinga ya mwili isikatae figo mpya. Baadhi ya wagonjwa wale walikuwa na soriasisi. Umeshakisia: ngozi ikasafika.

Tangu Willan, watu walidhani ngozi yenyewe ndiyo imeharibika, inakua ovyo. Sasa likaja swali jipya: mbona dawa inayotuliza kinga ya mwili inaiondoa? Jibu lililokuja kupatikana ni kwamba kinga ya mwili, wale askari wetu wa ndani, wanatuma ujumbe usio sahihi kwenye ngozi. Wanaiambia, "tumevamiwa, jengeni haraka!" Na ngozi inatii, inajenga magamba, wakati hakuna aliyevamia.

Hapo ndipo na koo la yule binti linapoingia. Kuna vijidudu vya koo ambavyo vikimpata mtoto mwenye asili ya ugonjwa huu, askari wanaamka kupigana na koo, halafu wanakosea njia na kwenda kwenye ngozi. Ndiyo maana vidoa vilitokea wiki mbili baada ya koo. Koo linaweza kuambukiza. Vidoa haviambukizi. Huwezi kumwambukiza mwenzako kosa la askari wako.

Na hurithiwa? Asili yake inaweza kuwa kwenye ukoo, ndiyo. Lakini si kila anayezaliwa na asili hiyo atapata madoa. Kwa hiyo msianze kutafutana ni upande wa baba au wa mama.

Siklosporini yenyewe ina gharama yake: figo na presha. Watafiti wakaendelea kutafuta kitu cha kuzuia ujumbe ule tu, bila kulaza jeshi zima. Ndipo zikaja sindano za kisasa. Ya kwanza kwa soriasisi iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Mwaka huo huo ikaruhusiwa na nyingine, efalizumabu. Mwaka 2009 efalizumabu ikaondolewa sokoni, kwa sababu wagonjwa wachache walipata maambukizi ya ubongo yanayoua. Tena walikuwa wanahesabu.

Na kwa sisi tunaoishi na kifua kikuu mtaani, kuna jambo: mwaka 2001 iliripotiwa kwamba watu 70 waliotumia mojawapo ya sindano hizi kwa magonjwa mengine walipata TB. Vijidudu vilivyokuwa vimelala viliamka. Ndiyo maana ukiandikiwa sindano hizo unapimwa TB kwanza. Ukiona wanakupiga picha ya kifua wakati umekwenda kwa ngozi, usiseme wanakula hela zako.

SEHEMU YA 7: Watu 19 kati ya 100

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuifikia. Ukisahau yote, hii ibaki.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Sweden walitengeneza namna ya kutoa alama za soriasisi: imeenea kiasi gani, nene kiasi gani, nyekundu kiasi gani, magamba kiasi gani. Alama zinaanzia 0 mpaka 72. Kabla ya hapo kila daktari alisema "amepata nafuu" kwa macho yake. Sasa nafuu ina kipimo.

Mwaka 2008 ukachapishwa utafiti wa watu 271 wa Ulaya na Kanada. Waligawanywa kwa bahati nasibu, makundi matatu. Kundi la kwanza sindano ya kisasa, adalimumabu. La pili methotreksati. La tatu dawa tupu, yaani inafanana na dawa lakini ndani hakuna kitu. Wagonjwa hawakujua wako kundi gani, na madaktari waliowapima hawakujua pia. Baada ya wiki 16 wakahesabu ni wangapi wamepata nafuu ya robo tatu au zaidi.

Waliochomwa sindano: karibu 80 kati ya kila 100.
Waliokunywa methotreksati: karibu 36 kati ya kila 100.
Waliopewa dawa tupu: karibu 19 kati ya kila 100.

Rudi kwenye hiyo namba ya mwisho. Karibu watu 19 kati ya 100 walipata nafuu kubwa bila dawa yoyote! Sababu ni kwamba soriasisi ni ugonjwa wa kupanda na kushuka. Unakuja, unapumzika, unarudi. Watu hutafuta tiba wakiwa wamezidiwa, na baada ya kuzidiwa mara nyingi kuna kushuka kwenyewe.

Sasa mchukue yule muuza mafuta wa mtandaoni. Amewauzia watu 100. Hata kama chupani kuna maji na rangi, anaweza kupata watu 19 wa kumpigia simu wakimshukuru kwa machozi, na hawadanganyi. Anawarekodi, anakutumia video. Wale 81 wengine hutawaona, maana nani anarekodi video ya kusema hakupona?

Kwa hiyo akikwambia "ushuhuda ninao", muulize: uliwapa watu wangapi kwa jumla? Wangapi hawakupata nafuu? Uliwalinganisha na nani? Baada ya mwaka wako wapi? Ni maswali ambayo hata kampuni kubwa za dawa zinaulizwa. Kwa nini yeye asiulizwe?

Na usisahau swali la tano: ndani kuna nini? Maana mwaka 1952 huko Amerika madaktari Sulzberger na Witten walionyesha kwamba krimu ya steroidi inatuliza magonjwa ya ngozi, na baadaye zikaja kali zaidi. Ni dawa nzuri, hata daktari anaziandika kwa soriasisi, kwa sehemu fulani na muda fulani. Lakini krimu nyingi za kuchanganya zinazouzwa bila maandishi, zile zile za "kung'arisha", huwa na steroidi kali ndani. Utaona mtoto anasafika siku tano, unafurahi. Ukiacha, unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Ukiendelea miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua iliyolowa mafuta, na michirizi haitoki tena.

SEHEMU YA 8: Na ngozi yetu je?

Jambo moja linanikera na nitalisema kwa upole. Tafiti nyingi nilizotaja zilifanywa kwa watu weupe. Hata ile alama ya 1978, sehemu yake moja ni wekundu. Sasa kwenye ngozi nyeusi doa la soriasisi mara nyingi si jekundu. Ni la zambarau, au kijivu, au kahawia iliyokolea, na likipona linaacha kivuli cheusi au cheupe kwa miezi. Nesi aliyefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe, kama mimi, anatafuta wekundu, haoni, anasema fangasi. Sijitetei, nakueleza tu kosa lilipopitia.

Kuna mazuri pia. Moshi, tangu 1992, kipo kituo cha kufundisha tiba ya ngozi kwa nchi nyingi za Afrika, pale KCMC. Maofisa tabibu waliosomea pale wanarudi wilayani wakiwa wanajua ngozi yetu inavyoonekana. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kwamba soriasisi ni ugonjwa sugu, wenye maumivu, usioambukiza, na kwamba watu wanateseka bure kwa kuchelewa kugunduliwa na kwa kunyanyapaliwa. Na siku hizi kuna majaribio ya dawa yanayowaandikisha watu wenye ngozi nyeusi makusudi. Yamechelewa, lakini yameanza.

Basi ukiona mtoto au wewe mwenyewe una madoa yenye magamba yasiyosikia krimu ya fangasi kwa wiki nne, usinunue ya pili. Omba kuandikiwa kwenda kwa mtaalamu wa ngozi. Viungo vikiuma au vidole vikivimba, sema hapo hapo, maana soriasisi huingia na kwenye viungo. Wajawazito, wengi wenu hupata ahueni kipindi cha mimba na huenda ikarudi baada ya kujifungua, kwa hiyo mtoto akiwa na mwezi na madoa yakarudi, usidhani umelogwa wodini. Na ukiambiwa hakuna dawa ya kuimaliza moja kwa moja, usikate tamaa. Ni kweli hakuna mpaka leo. Lakini zipo za kuituliza, mtu akaishi, akavaa mikono mifupi, akazaa, akapakata watoto wake.

Yule binti? Vidoa vyake vilikwisha baada ya miezi michache. Kwa watoto waliopata kwa sababu ya koo huwa hivyo mara nyingi. Vinaweza kurudi, na mama analijua hilo, safari hii hatashtuka. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema, "Sista, hata wewe ni binadamu." Nikamuuliza habari ya sahani ya bluu. Akasema ipo, anawekea chumvi.

Mtumie uzi huu mtu mmoja tu ambaye nyumbani kwake kuna sahani ya namna hiyo. Maswali yaandikeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya leo. Picha za watoto msiweke hadharani, nitumieni ndani.

Nesi wenu.